Nilikimbia na Namba ya Mume Wangu

Sifa zote kwa Bwana asubuhi hii, ndugu zangu! Ai, kina baba wa upande ule mmeitika kama watu waliolazimishwa. Hebu tena: sifa kwa Bwana! Hapo sasa.

Pasta ameniambia niwe mfupi. Pasta nakuheshimu, lakini leo sitakuwa mfupi. Jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu na likianza kutoka litatoka lote.

Kwa wageni, mimi naitwa Evelyne Nanjala, Mama Mercy. Tunakaa mtaa wa Kapsoya na nauza mitumba ya watoto. Mnaonijua tangu zamani mnajua sikuwa mtu wa mbio. Mimi nilikuwa mtu wa boda boda. Kutoka stejini mpaka mlangoni kwangu ukirusha jiwe linafika, na bado nilikuwa nainua mkono, nabebwa kama bibi harusi. Kwa hivyo mkisikia Mama Mercy anakimbia msituni, msicheke sana. Chekeni kidogo.

Mkimbiaji alikuwa mume wangu, Wanyonyi. Alikuwa karani kwenye stoo ya mahindi, mtu wa kuandika magunia yakiingia na yakitoka. Wala si mkimbiaji wa kushinda! Hapa Eldoret mnajua vile kuko. Anayekuletea maziwa asubuhi anakimbia. Fundi wa viatu anakimbia. Mtu ukimkuta na jembe shambani usimdharau, huenda ana medali ameficha kwa kabati. Sasa mtu wa kabila letu la Wabukusu, mwenye kitambi kidogo, akijiingiza katikati ya watu kama hao, si ni kujitafutia kicheko? Walimcheka. Alicheka nao, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Hakupenda lami. Alisema lami ni ya magari. Yeye alipenda njia za ng'ombe, njia za msituni, kupanda na kuteremka na kuvuka maji. Na hakuna mashindano madogo yaliyompita. Kanisa likitaka mabati, wanaandaa mbio. Shule ikitaka vyoo, mbio. Chifu akitaka vijana waache pombe, mbio pia. Zote Wanyonyi anaandikisha jina. Siku moja nikamuuliza, wewe kila mara unamaliza mkiani, unatafuta nini huko? Akaniambia hivi: Mama Mercy, mimi ni mvivu kuliko wewe. Nikijiambia nitakimbia kesho kwa ajili ya afya, kesho nitalala. Lakini jina langu likishaandikwa mahali, na kuna watu wataliita, hapo nitaamka. Siri yake ilikuwa hiyo tu.

Akirudi, matope mpaka magotini, anakaa jikoni na kikombe cha chai na kunisimulia njia. Si mbio, ndugu zangu, njia! Hapa tulipanda, hapa mti umeanguka, hapa maji ni baridi mpaka meno yanauma. Mimi nakunja nguo za biashara nikisema mm, mm, na akili iko sokoni. Ee Mungu wangu! Sauti ile. Nilikuwa nayo nyumbani kila Jumamosi kama redio, na sikujua ni kitu mtu anaweza kunyang'anywa.

Halafu stroki ikaja.

Ilimpata kazini, kalamu mkononi. Waliniambia alikuwa anaita hesabu ya magunia, na ulimi ukasimama katikati. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa, na mdomo haukuwa na neno. Hata moja! Anaelewa kila kitu. Ukimwambia Mercy amepiga simu kutoka Kitale, machozi yanamtoka. Lakini sauti, hakuna. Daktari akaniambia, mama, ongea naye, usimwache kimya. Sauti inaweza kurudi. Inaweza pia isirudi.

Basi nikaongea mpaka koo likakauka! Bei ya sukari, ugomvi wa majirani, mahubiri ya Pasta kutoka mwanzo hadi amina. Yeye akageukia ukuta. Asubuhi ukuta, jioni ukuta. Ni kama alikuwa ameoa ukuta na mimi ni mtu wa kuleta uji tu.

Nataka niseme hili wazi, kwa sababu najua kuna mtu hapa ndani linamhusu. Mjane watu humlilia. Wanamletea unga, wanakesha naye. Mimi mume wangu alikuwa hai, yuko kitandani kwangu, namlisha, namnyoa ndevu, na bado nilikuwa na hamu naye mpaka mifupa inauma. Hiyo hamu unamwambia nani? Nikisikia mwanamume sokoni anamwita mkewe, wewe, leta huo mfuko, nilikuwa najificha nyuma ya nguo zangu nalia. Yule mama ananuna, mimi namwonea wivu! Sikumwomba Mungu Wanyonyi atembee. Sikumwomba arudi kazini. Nilisema, Bwana, nataka tu aniite. Hata mara moja. Hata akiniita kwa ubaya, nitashukuru.

Sasa siku moja Mzee Kiptoo akabisha hodi. Mzee huyu ni mwalimu mstaafu, na kila mwaka anaandaa mbio za kanisa lao kule upande wa Kaptagat. Wanyonyi alikuwa ameandikisha jina kabla ya ugonjwa, na Mzee hakuwa amesikia habari. Alisimama mlangoni anatabasamu, namba ya kubandika kifuani mkononi mwake, akiuliza huyu kijana wetu ako wapi. Nikamwonyesha chumba. Akavua kofia. Akaiweka ile namba juu ya blanketi, polepole.

Na Wanyonyi akaacha ukuta.

Aliitazama ile namba vile mtu anatazama chakula akiwa amefunga. Mkono wa kushoto ukatoka kwa blanketi, ukaishika, haukuiachilia. Machozi yakaanza kushuka. Hasira zangu mnazijua, hata Pasta anazijua. Zilinipanda, si kwa Mzee Kiptoo, si kwa mume wangu, bali kwa huo ukuta. Nikasema, leta hiyo namba, nitakimbia mimi!

Sikuwa hata na viatu vya raba. Nilichukua za Mercy alizoacha akiolewa, nikavaa na sketi, maana trakisuti ningeona haya. Jirani yetu Mama Chebet akaja kukaa na mgonjwa. Filimbi ikalia, na ndugu zangu, nilipomaliza kusema Yesu nisaidie, hakuna mtu alikuwa amebaki. Vumbi tu! Nilikimbia kidogo, nikatembea sana, nikakaa kwa gogo. Kijana aliyewekwa kuelekeza watu njia akaniuliza, mama, uko kwa mbio ama unatafuta ng'ombe amepotea? Nikamwambia, vyote viwili. Nilipofika mwisho, utepe ulikuwa umekunjwa zamani, zawadi za blanketi na sufuria zimepata wenyewe, watu wako kwa wali. Mzee Kiptoo peke yake akasimama na kunipigia makofi. Nilipewa sahani na nikala kwa aibu, lakini nilikula.

Nyumbani nikatia miguu kwa beseni kando ya kitanda. Nilitaka kumwambia vile nilivyoaibika, lakini nikajipata nasimulia njia. Pale mnapoingia msituni kuna harufu ya miti ya saiprasi iliyokatwa. Halafu udongo unakuwa mwekundu na unanasa viatu. Nikaona kichwa kinageuka. Jicho likawa kwangu, likabaki kwangu mpaka nikamaliza. Siku hiyo alikula ugali wote. Kesho yake alikuwa nami, na siku zilizofuata pia. Kisha njia ikamwishia, akarudi kwa ukuta wake.

Hapo nikajua kazi niliyopewa. Nikaandikisha jina mbio nyingine, na nyingine. Mbio za shule, mbio za parokia jirani, mbio za kupanda miti. Msidhani nilipenda! Baridi ya asubuhi ya hapa mnaijua, blanketi linakubembeleza kama mama mzazi. Kama hakukuwa na mashindano mbele yangu, blanketi lilishinda. Nilijaribu kukimbia bila kuandikisha, nikafika kwenye geti, nikasalimia watu, nikarudi kulala. Kumbe Wanyonyi alisema kweli. Lakini nikijua Jumamosi fulani mtu atasoma jina langu kwa sauti, na nyumbani kuna mtu anangoja aletewe njia, nilifunga kamba za viatu nikinung'unika, nikatoka hivyo hivyo. Nilikuwa nashuka kwenye njia za mashamba, watoto wa shule wananipita na mabegi mgongoni, wananiambia pole mama. Pole! Kama nimefiwa!

Na huko msituni ndiko hamu ilinimaliza. Kwa sababu nilianza kuona alichokuwa akikiona. Nilifika mahali jua linapita kati ya miti, chini kumejaa majani makavu na ni laini kukanyaga, na nikasema, kumbe ni hapa! Hapa ndipo aliniambia nikasema mm. Nilitaka kugeuka nimwambie, Wanyonyi, nimepaona, ulikuwa unasema ukweli. Nikageuka kabisa, haki ya Mungu. Hakuna mtu. Nikakumbatia mti nikalia mpaka nikasikia mchunga kondoo anakohoa akipita. Tulikuwa tumeoana miaka yote hiyo, na nilikuwa namjulia msituni, yeye hayuko. Nikiwa nyumbani nilitamani sauti yake. Nikiwa njiani nilitamani miguu yake iwe mbele yangu kwenye matope.

Mvua zikaja. Nikazidi kwenda, lakini roho ilikuwa inapungua. Ni miezi sasa, na hakuna neno. Ananiangalia, anasikiliza, anakula, lakini ule mdomo umefungwa. Nikamwambia Mama Chebet, mimi nimechoka, nitaacha. Nimemsimulia msitu wote, zimebaki kuni tu. Mama Chebet ni mtu wa maneno machache. Akasema, jina lako wameshaandika kwa Mzee Kiptoo, wataliita mbele ya watu na hautakuwa, hiyo aibu utaipeleka wapi? Enda hii moja, halafu ukae.

Ndiyo, mbio za Mzee Kiptoo zilikuwa zimefika tena. Zile ambazo Wanyonyi alizipenda kuliko zote. Mwaka huo walikuwa wamebadilisha njia, wakairudisha ile ya zamani inayoshuka mpaka mtoni, ambayo sikuwa nimewahi kupita. Nikaomba asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Nikamwambia Mungu, hii ni ya mwisho, Wewe fanya unavyotaka.

Mvua ilikuwa imenyesha. Nilibaki nyuma kama kawaida, na nilipofika kwenye njia panda, hakuna mtu. Wanaoelekeza walikuwa wameshaenda kula! Wakimbiaji wa maana wakishapita, nani anangoja Mama Mercy kwenye baridi? Chokaa ya kuonyesha njia waliyomwaga chini, ng'ombe walikuwa wameikanyaga yote ikawa tope. Kushoto kuna njia, kulia kuna njia. Nikasimama pale nikizungukazunguka.

Mara nikasikia miguu. Kikundi kizima cha wakimbiaji, wanaume kwa wanawake, nguo zinang'aa, wakatokea nyuma yangu, wakanipita kama upepo, wakakata kulia. Nikasema, asante Yesu, sijaachwa, kumbe kuna walio nyuma yangu! Nikawafuata kwa furaha. Walipopotea machoni nikafuata alama za raba zao kwenye matope. Nikakimbia siku hiyo kuliko siku zote, ndugu zangu, nikiimba! Nikapanda mlima, nikapita mashamba, nikaona geti liko wazi, nikaingia nimeinua mikono juu kama mshindi.

Ilikuwa kambi. Kambi ya wanariadha! Wale watu hawakuwa kwa mbio zetu hata kidogo, walikuwa kwa mazoezi yao ya Jumamosi. Mmoja ananyoosha misuli, mwingine anaosha viatu, wananiangalia nimesimama na mikono juu. Mahali pengine ukimwona mtu anakimbia na siku ni ya mbio, ni wa mbio. Lakini hapa kwetu, ni siku gani watu hawakimbii? Nimeishi Eldoret tangu nikiwa msichana na nikasahau! Walinipa chai ya maziwa na mkate, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja akanirudisha kwa pikipiki kwa Mzee Kiptoo, aliyekuwa amesimama barabarani ananitafuta kwa macho.

Kwa hivyo sikumaliza. Mbio za mwisho, zile anazozipenda, na sina njia ya kumletea. Nilienda nyumbani nimevunjika. Nikamkuta Mama Chebet ameketi na kikombe cha chai, na Wanyonyi amenigeukia, anangoja. Anangoja! Nikaona afadhali niseme ukweli. Nikamwambia wamerudisha ile njia ya mtoni, tulianza vizuri, tukapita saiprasi, tukapita kisima cha ng'ombe. Nikafika pale kwenye njia panda, na pale nikakata kulia...

Nikasikia kitu. Kama mtu anasukuma meza nzito. Nikafikiri ni mlango.

"Ku... ku..."

Mama Chebet akageuka, kikombe kiko hewani. Uso wa mume wangu ulikuwa umekunjamana kwa hasira, mishipa imesimama shingoni, anaona mtu mjinga ameharibu njia yake.

"Kushoto! Nanjala! Kushoto!"

Nanjala! Hunipa hilo jina akiwa amekasirika tu, siku nyingine zote mimi ni Mama Mercy. Wueh! Nikaogopa nikilia nitamnyamazisha. Kwa hivyo nikajifanya mbishi, Mungu anisamehe, nikasema, hapana, Wanyonyi, nadhani ilikuwa kulia.

"Kushoto! M... mtoni! Kushoto!"

Mate yakamtoka, akapiga kitanda kwa mkono wake mzima, na mimi nikaanguka magoti pale chini na matope yangu yote. Mama Chebet akapiga vigelegele mpaka wapangaji wa nyumba zote wakatoka wakidhani kuna harusi. Nimekemewa na mume wangu nikacheza! Nimeitwa mjinga wa njia na nikasema haleluya! Wanawake mnaokemewa kila siku hamtanielewa, na msiende nyumbani kutafuta kukemewa. Lakini mimi nilikuwa nimeomba kuitwa, na nikaitwa.

Nilikuwa namuuliza Mungu, mbona umeniacha nipotee siku ya mwisho? Kumbe alinipoteza makusudi! Njia zote nilizosimulia sawasawa hazikumtoa neno. Ile niliyokosea ndiyo ilimfungua mdomo. Asante Yesu!

Nisidanganye madhabahuni. Hajapona kikamilifu. Anatafuta neno kama mtu anayetafuta shilingi gizani, siku nyingine analipata, siku nyingine anakasirika na kuacha. Mguu wa kulia bado. Na hamu yangu haijaisha, msidhani iliisha. Sasa nimepata sauti, natamani miguu. Nikiwa kule msituni peke yangu bado naangalia mbele kama nitauona mgongo wake, ile fulana yake ya kijani imelowa jasho. Nimemwambia Mungu ukweli wangu, na naona hajachoka kunisikia.

Wewe uliyeketi hapo na mtu wako amegeukia ukuta, au ni wewe mwenyewe umeugeukia, nisikilize mimi Mama Mercy. Usingoje upate nguvu ndipo uanze. Nguvu sikuwa nazo, na nyingi bado sina. Toa jina lako. Toa kwa Bwana, toa kwa watu, liandikwe mahali ambapo litaitwa, halafu nenda hata kama utafika watu wameshakula. Mwamini Yeye na matope yako na uvivu wako hivyo hivyo. Nawashukuru mlioomba nasi, namshukuru Mama Chebet ambaye hata si wa kanisa hili, na Mungu ambaye aliacha ng'ombe wakanyage ile chokaa.

Nimalize, Pasta, naona saa yako. Jana nilikuwa nafunga kamba za viatu nikasikia nyuma yangu neno jipya. Hakusema kushoto, hakusema Nanjala. Alisema, "Twende." Nikageuka, akarudia, "Twende." Ndugu zangu, kile kiti chake cha magurudumu hakipiti kwenye matope, na mimi peke yangu simwezi. Lakini mwaka umezunguka, mbio za Mzee Kiptoo ziko tena Jumamosi ijayo na nimeandikisha majina mawili. Vijana wa kwaya, nawaona mabega yenu, msiinamishe vichwa! Nataka wanne wa kumbeba, tumpeleke mpaka mtoni, tufike saa yoyote tutakayofika. Na tukifika pale kwenye njia panda, msiniulize mimi. Muulizeni yeye.